Usingizi wa saa nane mchana: uchambuzi wa kisa cha msimamizi wa ghala mwenye umri wa miaka 51

Mwanamume mwenye umri wa miaka 51, msimamizi wa ghala la vifaa vya ujenzi jijini Dar es Salaam, alifika kliniki ya magonjwa ya ndani akilalamikia uchovu unaomshika kila siku baada ya adhuhuri, ambao kwa maelezo yake ulikuwa umedumu miaka miwili na ulikuwa ukizidi. Asubuhi kazi zilikwenda vizuri: alipokea malori, akakagua mzigo, akawapanga vijana wa kupakua. Ikifika saa nane mchana mwili ulikuwa mzito, macho yakawaka, na akiketi kusaini hati za kupokelea mzigo alishtukia kalamu imekwisha kuburuza mstari hadi ukingoni mwa karatasi. Hati moja ya namna hiyo alikuja nayo. Sahihi ilianza vizuri kwa herufi mbili, kisha ikanyooka na kuwa mstari mtupu. Kisa hiki ni cha mfano, kimejengwa kutokana na mambo yanayojirudia kliniki, na hakuna mtu mmoja anayeweza kutambuliwa ndani yake. Njia ya kutafuta chanzo, hata hivyo, ndiyo ile ile inayofuatwa kwa mgonjwa yeyote.

Pamoja na hati hiyo alikuja na bahasha ya kaki iliyojaa majibu ya maabara na vyeti vya dawa. Katika miaka hiyo miwili alikuwa ametibiwa malaria mara tatu na taifodi mara nne, akachomwa sindano za vitamini B, akapewa dawa ya minyoo, akaambiwa ana msongo wa mawazo, na mwishoni akaambiwa na mtu wa duka la dawa kwamba hayo ni mambo ya umri na nguvu za kiume, akauziwa vidonge vya kurudisha ujana. Hakuna aliyempuuza. Kila alipokwenda alipimwa, na kila alipopimwa kulipatikana kitu cha kutibu, na hapo ndipo penye tatizo la kisa hiki.

Chukua taifodi. Kipimo cha Widal, kinachobeba jina la tabibu Mfaransa aliyekieleza mwaka 1896, hutafuta katika damu kingamwili dhidi ya bakteria wa Salmonella. Mahali ambapo watu wengi wamewahi kukutana na bakteria hao, kingamwili hizo huweza kubaki katika damu ya mtu mzima ambaye hana ugonjwa wowote kwa wakati huo, kwa hiyo jibu moja chanya halithibitishi kwamba bakteria wapo leo. Uthibitisho unaoaminika ni kuotesha damu maabara. Kipimo cha haraka cha malaria nacho, kile kinachosoma protini ya kimelea iitwayo HRP2, kinaweza kuendelea kuonyesha mstari kwa wiki kadhaa baada ya vimelea wenyewe kwisha, na mtu anayerudi kupimwa baada ya siku 14 akapewa dozi ya pili huenda anatibiwa mabaki. Jambo kubwa zaidi ni kwamba mgonjwa huyu hakuwahi kupandwa na homa katika miaka yote miwili. Homa ya matumbo isiyo na homa, inayoanza saa nane mchana na kuondoka saa moja jioni, kila siku, kwa miaka miwili, haimo katika kitabu chochote cha tiba.

Kwa maoni yangu, uchovu wa namna hii haupaswi kuanza kutafutwa kwenye chupa ya damu. Unapaswa kuanza kwenye saa. Chanzo chochote kitakachotajwa sharti kieleze kwa nini mchana na si asubuhi, kwa nini umedumu bila mgonjwa kukonda wala kulazwa, na kiwe kinapatana na mambo mengine yanayoonekana katika mwili ule ule. Kisichojibu hayo, hata kama maabara imekiandika kwa wino mwekundu, hubaki kuwa jambo la pembeni.

Swali la kwanza lililobadilisha mwelekeo lilikuwa jepesi: akiachiwa robo saa kivulini muda huo wa saa nane, atapumzika akiwa macho au atalala?

"Daktari, hiyo robo saa siimalizi," alijibu. "Nalala pale pale nilipokaa, hata ukinisemesha."

Jibu hilo lina uzito. Mtu mwenye upungufu wa damu, moyo uliodhoofika au sonona huchoka, hukosa pumzi au hukosa hamu ya kufanya jambo, lakini akiegemea ukuta kwa kawaida hasinzii papo hapo. Anayesinzia akiwa ameketi mbele ya mtu anayeongea naye ana deni la usingizi, au ana kitu kinachomlewesha. Ili kulipima hilo lilitumiwa dodoso la Epworth, lililotungwa na Murray Johns mjini Melbourne mwaka 1991, lenye hali nane za kawaida kama kusoma, kutazama televisheni, kuwa abiria garini kwa saa moja, au kukaa ndani ya gari lililosimama barabarani. Mgonjwa hujipa alama kuanzia 0 hadi 3 kwa kila hali, na jumla inayozidi 10 huhesabiwa kuwa usingizi wa kupindukia. Yeye alipata 15. Katika hali ile ya gari kwenye foleni alijipa alama 3 bila kusita, kisha akaeleza, kwa sauti ya chini kidogo, kwamba mara mbili alizinduliwa na honi katika Barabara ya Mandela taa zikiwa zimekwisha kuruhusu. Kuanzia hapo suala halikuwa tena la mtu kukosa raha kazini. Aliombwa asiendeshe gari hadi chanzo kijulikane, naye alikubali kwa shingo upande.

Mtuhumiwa wa karibu alikuwa chakula cha mchana. Mgonjwa alikula kwa mama lishe aliye nje ya geti la ghala, sahani ya wali iliyojaa, maharage, nyama na soda, na wenzake walikuwa wamekwisha kutoa hukumu kwamba sahani ile ndiyo inayomlaza. Bahati nzuri ushahidi ulikuwapo tayari. Wakati wa Ramadhani hakula kitu mchana na bado alisinzia saa ile ile, ingawa ushahidi huo peke yake hautoshi, kwa sababu kuamka kula daku hukata usingizi wa usiku na kunaweza kumfanya mtu yeyote asinzie mchana. Lakini alikuwa pia na mazoea ya kufunga sunna Jumatatu na Alhamisi, akila daku la tende na maji wakati wa kuamkia swala ya alfajiri, yaani bila kubadilisha sana saa za kulala, na siku hizo nazo alilala juu ya meza. Wali ulikuwa unaongeza uzito wa jambo lakini haukuwa chanzo.

Mwili wa binadamu una mteremko wake wa asili kati ya saa saba na saa kumi mchana, wakati saa ya ndani ya ubongo inapolegeza msukumo wa kukesha, na mteremko huo upo hata kwa asiyekula. Mtu aliyelala vizuri huupita kwa kupiga miayo kidogo. Mwenye deni la usingizi huanguka ndani yake. Hilo lilijibu kwa nini ilikuwa mchana, likabaki swali la deni lilitoka wapi, kwa kuwa mgonjwa alisisitiza kwamba hulala saa nne usiku na kuamka saa kumi na moja alfajiri, saa saba kamili, na kwamba analala fofofo.

Huo usingizi wa fofofo ulianza kuchakaa ulipoulizwa kwa undani. Alikuwa akiamka mara nne kwenda haja ndogo. Kwa sababu hiyo alikuwa ameshapimwa tezi dume, ikaonekana imekua kidogo kama ilivyo kwa wanaume wengi wa umri wake, akapewa tamsulosini ambayo haikubadilisha chochote. Alitibiwa pia shinikizo la damu kwa dawa tatu, amlodipini miligramu 10, losatani miligramu 100 na hidroklorothiazidi miligramu 25, zote akizimeza pamoja usiku kabla ya kulala. Ya tatu huongeza mkojo, hivyo ilikuwa halali kushuku kwamba dawa yenyewe ndiyo inayomwamsha. Ilihamishiwa asubuhi. Safari za chooni zikapungua kutoka nne hadi tatu, nafuu ndogo mno kuweza kuyaeleza yote.

Kulikuwa na dawa nyingine ambayo haikuandikwa kwenye cheti chochote. Pua yake huziba kwa vumbi la saruji, na kwa zaidi ya mwaka alikuwa akinunua klorofeniramini, vidonge vidogo vya mzio vinavyopatikana kila duka la dawa, akimeza kimoja asubuhi na kimoja baada ya chakula cha mchana. Dawa hiyo hulewesha, na mabaki yake hukaa mwilini muda mrefu. Ilisimamishwa, akapewa dawa ya kupuliza puani. Alama za Epworth zilishuka hadi 13 baada ya wiki mbili. Daktari mwenye haraka angeweza kufunga jalada hapo, kwani dawa iliyoondolewa imeleta nafuu na maelezo yanaonekana yamekamilika. Lakini 13 bado ni usingizi wa kupindukia, mkojo wa usiku bado upo, na presha ya 158 kwa 98 kwa mtu anayemeza dawa tatu za dozi kamili bado haijaelezwa.

Kuhusu kukoroma, mgonjwa aliulizwa na akasema anakoroma "kama watu wote". Mkewe alipokuja kliniki hakuweza kusaidia sana. Alikuwa amehamia chumba cha mabinti zake miaka mitatu iliyopita kwa sababu ya kelele, na tangu wakati huo hakujua kilichokuwa kikiendelea usiku. Shahidi alipatikana kwa njia nyingine. Miezi michache kabla, familia ilikuwa msibani Lushoto, na wanaume walilala kwenye majamvi chini ya turubai kama kawaida ya matanga. Shemeji yake, aliyelala jirani naye, hakupata usingizi, na alichosimulia kwa simu mbele yetu kilikuwa hivi: "Anakoroma kwa nguvu, halafu anazima kama jenereta lililoishiwa mafuta. Kimya. Unahesabu, unaanza kuogopa, halafu anashtuka kwa mkoromo mkubwa na kuwaka upya. Mimi nilimtikisa mara mbili, nikidhani na huyu tunamzika."

Ilichekesha, lakini ni maelezo ya kitabibu yaliyo kamili kuliko karatasi zote za bahasha ile. Kukoroma katika jamii yetu husomwa kama dalili ya usingizi mtamu wa mtu aliyeshiba na asiye na deni, ndiyo maana mgonjwa halitaji na muuguzi haliandiki.

Uchunguzi wa mwili sasa ulikuwa na kitu cha kutafuta. Uzito ulikuwa kilo 96 kwa urefu wa mita 1.70, yaani uwiano wa uzito na urefu wa 33. Mzingo wa shingo ulikuwa sentimita 44. Alipofungua kinywa, ulimi uliziba karibu nafasi yote na kilimi hakikuonekana. Moyo na mapafu havikuwa na kasoro ya kusikika, na miguu haikuvimba. Vipimo vya damu vilirudiwa kwa mpangilio: hemoglobini ilikuwa gramu 15.8 kwa desilita, wakati kikomo cha upungufu wa damu kwa mwanamume kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani ni 13. Homoni ya TSH inayopima utendaji wa tezi ya thairoidi ilikuwa ya kawaida. Figo na ini vilikuwa salama. Virusi vya Ukimwi na homa ya ini aina ya B havikuonekana. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ilikuwa milimoli 6.3 kwa lita.

Namba hiyo ya mwisho ilihitaji kudhibitiwa. Kisukari huanzia 7.0, na kati ya 6.1 na 6.9 ni mpakani. Ni kweli kwamba sukari iliyopanda sana humchosha mtu na kumkojoza usiku, lakini hufanya hivyo inapovuka uwezo wa figo kuizuia, kwa kawaida karibu na 10. Sukari ya 6.3 haimwamshi mtu mara tatu. Ilistahili kufuatiliwa, na kwa mgonjwa huyu huenda yenyewe ilikuwa tokeo la chanzo kile kile, kwa kuwa uzito na usingizi uliokatikakatika vyote huvuruga kazi ya insulini. Kuiita chanzo kungekuwa kurudia kosa la Widal kwa namba mpya.

Kipimo cha usingizi kilifanyika nyumbani kwa kifaa kidogo chenye mkanda wa kifuani, kijimrija cha puani na kishikizo cha kidoleni cha kupima oksijeni, kile ambacho wengi walikizoea wakati wa Uviko. Matokeo: wastani wa mara 34 kwa saa pumzi ilisimama au ikapungua kwa sekunde 10 au zaidi, na oksijeni iliyokuwa asilimia 97 akiwa macho ilishuka hadi 76 katika saa za alfajiri. Chini ya 5 kwa saa ni kawaida, 5 hadi 15 ni kiwango kidogo, 15 hadi 30 cha kati, na zaidi ya 30 ni kikali. Mchoro wa oksijeni ulikuwa na meno kama msumeno kuanzia saa tano usiku hadi alfajiri. Pale ambapo kifaa kamili hakipatikani, hata kifaa cha kidoleni peke yake kinachohifadhi kumbukumbu ya usiku mzima kinaweza kuonyesha meno hayo, ingawa usiku wenye mchoro ulionyooka hautoshi kuuondoa ugonjwa.

Ugonjwa huu huitwa apnea ya usingizi, yaani kukatika kwa pumzi usingizini, na kinachotokea ni hiki. Misuli ya koo hulegea usingizini, na kwa mwenye shingo nene na koo jembamba kuta zake hugusana na kuziba njia ya hewa. Kifua kinavuta, hewa haipiti, oksijeni inashuka, ubongo unashtuka na kumwamsha mtu kwa sekunde chache asizozikumbuka asubuhi, hewa inapita kwa mkoromo, kisha mzunguko unaanza tena. Kila mshtuko humwaga homoni za taharuki na kupandisha presha, na ndiyo maana ikagoma kushuka kwa dawa tatu. Kifua kinachovuta dhidi ya mlango uliofungwa hunyoosha chumba cha juu cha moyo, nacho hudhani damu imezidi na kutoa homoni inayoiamuru figo kutoa maji na chumvi. Huo ndio mkojo wa usiku uliopachikwa kwenye tezi dume. Usingizi, presha na mkojo, vilivyokuwa vimegawanywa katika kliniki tatu, viliingia katika maelezo moja.

Utafiti wa Wisconsin nchini Marekani uliochapishwa mwaka 1993 uliwapima watu wa umri wa miaka 30 hadi 60 na kukuta tatizo hili pamoja na usingizi wa mchana kwa takriban asilimia 4 ya wanaume na 2 ya wanawake, na uzito wa watu tangu wakati huo umeongezeka. Wanawake husahaulika zaidi, kwa sababu baada ya hedhi kukoma hatari yao hupanda, ilhali wengi wao hueleza uchovu, kichwa kuuma asubuhi na kukosa usingizi badala ya kusinzia, na hupelekwa moja kwa moja kwenye dawa za usingizi, ambazo nyingine hulegeza koo zaidi.

Matibabu yenye nguvu kwa kiwango hiki ni mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa ili kuliacha koo wazi, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza na Colin Sullivan na wenzake mjini Sydney mwaka 1981. Ni ghali, na inahitaji umeme usiku kucha. Ndugu yake aliyeko Muscat alijitolea kutuma mashine iliyotumika. Jambo hili ni la kawaida kwetu na halina budi kusemwa wazi: mashine ya mtumba huja na mpangilio wa mwenyewe wa awali, ambao sharti ubadilishwe na mtaalamu, barakoa na mrija viwe vipya, na namba ya mashine ihakikiwe, kwa kuwa mwaka 2021 mamilioni ya mashine za aina fulani yaliitwa kurudishwa kiwandani kwa sababu sifongo yake ya kupunguza kelele iliweza kumomonyoka na kuvutwa na mgonjwa. Ya kwake ilikutwa haimo kwenye orodha hiyo.

Wiki za kwanza zilikuwa ngumu. Kumbukumbu ya mashine ilionyesha saa mbili kwa usiku. Alipumua kwa mdomo, hewa ikavuja, akaamka koo likiwa kavu na kuivua. Barakoa ya pua ilibadilishwa kwa inayofunika pua na mdomo, na matumizi yakapanda hadi saa tano. Usiku umeme ukikatika alielekezwa kulala ubavu, kichwa kikiwa kimeinuliwa. Sahani ya wali ilipunguzwa nusu na soda ikaondolewa, kwa hoja ya uzito: katika ufuatiliaji wa watu wale wale wa Wisconsin, kupungua uzito kwa asilimia 10 kuliendana na kupungua kwa vipindi vya pumzi kukatika kwa takriban asilimia 26.

Alipaswa pia kuambiwa ambacho mashine haiahidi. Jaribio kubwa la kimataifa lililochapishwa mwaka 2016, lenye washiriki zaidi ya 2,700 waliokuwa tayari na ugonjwa wa moyo au mishipa ya ubongo, halikuonyesha kwamba mashine ilipunguza mashambulizi ya moyo na kiharusi, ingawa usingizi wa mchana ulipungua waziwazi; washiriki walioitumia waliivaa wastani wa saa 3.3 tu kwa usiku, na mjadala kuhusu maana ya matokeo hayo unaendelea. Kwa hiyo dawa za presha hazikuachwa.

Baada ya miezi mitatu alama za Epworth zilikuwa 7, presha 138 kwa 86 kwa dawa zile zile, na haja ndogo ya usiku ni mara moja au hakuna. Tamsulosini imesimamishwa. Saa nane mchana bado anapiga miayo, hasa siku za joto ghala likiwa halina upepo, na ameelezwa kwamba hiyo ni ya kila mtu. Ameruhusiwa kuendesha gari kwa sharti kwamba asishike usukani siku inayofuata usiku aliokosa mashine. Mkewe amerudi chumbani, akilalamikia mlio wa hewa lakini si kukoroma. Sukari itapimwa tena pamoja na HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari kwa miezi kama mitatu, na uzito, ambao sasa ni kilo 91, ukifika 86, kipimo cha usingizi kitarudiwa bila mashine ili kuona kama bado anaihitaji.